Niliacha jeshi la Marekani na sijawahi kudai chochote. Nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Nilizaliwa Kenya, nikaingia jeshi la nchi kavu la Marekani nikiwa na grini kadi. Nilitumikia miaka sita, pamoja na safari moja ya vitani, na nikatoka kwa heshima mwaka 2021. Sasa naishi Minnesota na mke wangu na mtoto mmoja. Mwingine yuko nyumbani kwa mama yangu. Mgongo unanitesa, masikio yanalia usiku na mchana, na usingizi umenihama. Juzi kampuni moja imenipigia ikisema itanitengenezea dai la fidia, nami niilipe mara tano ya pesa za mwezi nitakazopata. Rafiki yangu ananiambia niende kaunti. Nani ana haki? Na zaidi ya fidia, hapa tunapoishi kuna msaada gani?"

Rafiki yako ana haki. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kampuni hiyo, na usimpe mtu nywila ya akaunti yako ya VA, yaani Idara ya Maveterani. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaruhusiwa kulipwa baada tu ya VA kutoa uamuzi wake wa kwanza, na hata hapo ada inayohesabiwa kuwa ya haki ni isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo, yaani fidia ya miezi ya nyuma unayolipwa kwa mkupuo. Ikipita theluthi moja, huchukuliwa kuwa imezidi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sasa piga hesabu ya hao waliokupigia. VA hupima ulemavu kwa asilimia, nayo ndiyo inayopanga malipo. Kwa viwango vya 2025, asilimia 50 ya ulemavu kwa mtu asiye na wategemezi ilikuwa dola 1,102.04 kwa mwezi. Mara tano ni zaidi ya dola 5,500, kwa kazi ambayo ofisi ya kaunti yako inaifanya bila malipo, tena kwa kibali ambacho wao hawana.

Minnesota ina kaunti 87, na sheria ya jimbo inataka kila moja iwe na afisa wa maveterani. Ofisi yake huandikwa mlangoni County Veterans Service Office. Usipojua iko wapi, piga LinkVet, simu ya jimbo kwa maveterani, 1-888-546-5838, uwaambie unaishi kaunti gani. Afisa huyu si mfanyakazi wa VA. Kazi yake ni kusimama upande wako, na ukishajaza fomu 21-22 ya kumteua awe mwakilishi wako anaweza kuliona faili lako na kulifuatilia. Mwulize ameidhinishwa kupitia shirika gani, kisha mtafute kwa jina katika orodha ya walioidhinishwa kwenye tovuti ya VA. Hataudhika, anaulizwa hivyo kila wiki.

Lakini kabla hata ya kupata miadi, kuna jambo moja la kufanya leo, kwa sababu kila mwezi unaopita ni pesa inayopotea. Piga 1-800-827-1000 useme unataka kuweka kusudio la kudai fidia ya ulemavu. Waweza pia kujaza fomu 21-0966 au kuanzisha dai kwenye va.gov. Simu hiyo inashika tarehe yako kwa mwaka mmoja. Dai kamili likifika ndani ya mwaka huo na likakubaliwa, malipo yanahesabiwa kuanzia siku ya kusudio, na mwezi wa kwanza kulipwa ni unaofuata. Tuseme umepewa asilimia 70, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 1,759.19 kwa mwezi, na ulichukua miezi kumi kukusanya karatasi. Hiyo simu moja imekuokolea zaidi ya dola 17,000. Angewahi kudai ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kutoka jeshini, mtu angelipwa tangu siku ya pili ya kutoka. Wewe muda huo umekupita, basi usiupoteze na huu.

Hapa wengi wanateleza. Kusudio moja linabeba dai moja tu kamili. Mtu anatuma haraka dai la masikio kwa kuwa ndilo rahisi, akidhani la mgongo litafuata kwa tarehe ile ile. Halifuati, la pili linapata tarehe yake yenyewe. Yaweke yote katika fomu moja ya 21-526EZ, halafu ndipo utume.

Siku ya miadi nenda na DD-214, hati yako ya kutoka jeshini, nakala iliyoandikwa Member-4. Nakala fupi haionyeshi uliachwa jeshini kwa hali gani, na ofisi nyingi zitakurudisha nayo. Ukiwa umeipoteza, iombe kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya taifa iliyoko St. Louis, kwa mtandao au kwa fomu SF-180, au mwachie afisa aiombe. Chukua pia karatasi zozote za hospitali ulizo nazo, namba ya akaunti ya benki, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na orodha ya dawa unazotumia pamoja na zile za kununua dukani.

Sasa dai lenyewe. Mafiga ni matatu, na likikosekana moja chungu hakikai: ugonjwa ulionao sasa, jambo lililotokea ukiwa jeshini, na kinachoviunganisha viwili hivyo. Madai mengi yanayokataliwa hayakataliwi kwa sababu mtu ni mzima. Yanakataliwa kwa sababu figa la tatu halipo. Kipimo cha sheria si kikali kama watu wanavyodhani: inatosha uwezekano wa kwamba jeshi ndilo chanzo uwe angalau nusu kwa nusu, na mizani ikilingana, VA inatakiwa ikupe wewe. Daktari anayekuandikia barua aseme wazi kwamba amesoma kumbukumbu zako, aeleze sababu kwa hoja za kitabibu, na atumie kipimo hicho hicho. Barua inayosema "huenda" au "yawezekana" haina uzito.

Mlio wa masikio ndio mwepesi kuuthibitisha, kwa kuwa hakuna mashine inayousikia. Neno lako ndilo ushahidi mkuu. VA ina orodha inayoonyesha kila kazi ya jeshi ilikuwa na kelele kiasi gani, na kama ulikuwa karibu na mizinga, helikopta au jenereta, hilo tayari linajulikana. Eleza ulianza lini. Ukilipwa ni asilimia 10, sikio moja au yote mawili.

Mgongo una kazi zaidi. Tafuta katika kumbukumbu zako siku ulizokwenda zahanati ya kikosi asubuhi, karatasi za kupunguziwa kazi, na vipimo vya kutoka jeshini. Wanajeshi wengi, na hasa sisi tuliofika jeshini tukijua tuna nyumba nzima nyuma yetu inayotegemea mshahara ule, walimeza vidonge wakaendelea kubeba mzigo. Kumbukumbu ikiwa tupu hujashindwa. Mwombe mwenzako wa kikosi ajaze fomu 21-10210 aeleze alichokiona kwa macho yake: mwezi gani, kambi gani, ulianguka ukishuka lori gani, wiki ngapi ulilala sakafuni. Mkeo naye aandike anachokiona sasa: nani anakufunga viatu, ni mara ngapi kwa mwezi unakosa kazi. Barua ya kukusifu tabia haifai kitu hapo.

Usingizi uache bila kujipa jina la ugonjwa. Kama ni kukoroma na kukosa pumzi, inahitajika kipimo cha usingizi cha usiku mzima. Kama ni ndoto za vita, kushtuka na hasira, hilo huingia katika afya ya akili, na VA huyapima magonjwa yote ya akili kwa kiwango kimoja, haiyajumlishi moja moja. Mwone daktari kwanza, upate utambuzi, halafu udai.

Baada ya kutuma, utapigiwa simu ya kupangiwa uchunguzi. Mara nyingi wanaopiga si VA bali kampuni ya mkataba, kwa namba usiyoijua. Ipokee. Usipofika bila sababu ya maana, VA huamua kwa karatasi zilizopo, na mara nyingi hilo ni kukataliwa. Mgongo hupimwa kwa kifaa cha nyuzi unapoinama mbele: ukifika zaidi ya nyuzi 60 lakini usipite 85, ni asilimia 10, zaidi ya 30 hadi 60, ni 20, 30 au chini, ni 40. Usijilazimishe kuinama kwa ujasiri, wala usiigize. Simama pale maumivu yanapoanza, useme "hapa ndipo yanapoanza". Eleza siku zako mbaya zikoje, zinakuja mara ngapi, na siku hizo unaweza kuinama kiasi gani. Sisi tumelelewa tukiulizwa hali tuseme tu wazima, hata homa ikiwa imepanda, na mchunguzi ataandika hivyo hivyo alivyosikia. Mpe salamu yake, halafu mwambie ukweli wote.

Asilimia nazo hazijumlishwi kama shilingi. Ukiwa na 50 na 30, VA inachukua 50 kwanza, kisha 30 ya ile nusu iliyobaki, yaani 15. Jumla ni 65, inasogezwa hadi 70. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia 50 na 50 ni 100. Ni 75, inayokuwa 80. Fidia haikatwi kodi, na viwango hupanda kila Desemba kufuata gharama za maisha.

Ukipata asilimia 30 au zaidi, mke na watoto wanakuongezea. Jaza fomu 21-686c ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi, ili nyongeza irudi hadi mwanzo. Mtoto wako wa kumzaa anahesabiwa hata akiwa Kenya kwa bibi yake. Wa kambo lazima awe wa nyumba yako. Shida ya kwetu huwa ni karatasi. Jina kwenye DD-214 limepangwa kinyume na la cheti cha kuzaliwa, au jina la babu limegeuka kuwa jina la ukoo, na mashine za VA zinaona watu wawili. Andika maelezo mafupi yenye sahihi ukiyataja majina yote kuwa ya mtu mmoja, uyaambatanishe mapema. Kama ndoa ilikuwa ya kimila, VA hutazama kama ilikuwa halali pale mlipokuwa mkiishi mlipooana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe, kwa hiyo cheti cha msajili kitakuepushia barua nyingi za kuulizwa. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, eleza hivyo kwenye fomu. Usiache nafasi wazi.

Matibabu usiyangojee fidia. Jaza 10-10EZ, fomu ya kujiandikisha kwa matibabu ya VA, sasa hivi. Aliyetumikia vitani ana miaka kumi tangu kutoka jeshini ya kujiandikisha kwa masharti nafuu, basi wewe una mpaka 2031. Sheria ya PACT ya 2022 imeongeza mlango mwingine: tangu Machi 5, 2024, aliyekaribiana na sumu akiwa kazini, moshi wa mashimo ya kuchomea taka ukiwemo, anaweza kujiandikisha bila kuomba fidia kwanza. Hospitali kubwa za VA jimboni ziko Minneapolis na St. Cloud. Ukisafiri kwenda kutibiwa ugonjwa uliokubaliwa, dai nauli ndani ya siku 30. Ni senti 41.5 kwa maili.

Kwa usingizi na yale usiyotaka kumwambia mtu wa kanisani au wa chama, kuna Vet Center, vituo vya ushauri vya VA vilivyo nje ya hospitali. Ushauri ni bure kwa waliotumikia vitani na familia zao, na kumbukumbu zao hazichanganywi na za hospitali ya VA wala hazipewi mtu bila ridhaa yako. Natamani jumuiya zetu zingelijua hili vizuri zaidi, kwa sababu wengi wanakaa kimya wakihofia watasemwa. Na usiku ukiwa mzito kuliko unavyoweza kuubeba, piga 988 kisha bonyeza 1, au tuma ujumbe kwa 838255. Anayepokea ni mtu, saa zote, na si lazima uwe umejiandikisha VA.

Pango la nyumba likikushinda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha lililokuzuia kazi kwa muda, jimbo la Minnesota lina mpango wake wa kusaidia askari, tofauti kabisa na VA. Mpango huo unaweza kukulipia pango, umeme na maji hadi miezi sita, na una mafungu ya meno na miwani, pamoja na msaada wa mara moja kwa dharura kama hati ya kufukuzwa. Mlango wake ni afisa yule yule wa kaunti, na watatazama kipato na akiba yako, kwa hiyo nenda na taarifa za benki. Wengi huenda wakiwa wamekwisha kufukuzwa. Nenda siku barua ya kwanza ya mwenye nyumba inapofika. Aliye nje tayari au anayelala kwenye gari apige 1-877-424-3838, na aombe pia kuingizwa katika daftari la jimbo la maveterani wasio na makazi.

Ukifikiria kununua nyumba, mkopo wa VA hauhitaji malipo ya awali, lakini una ada ya asilimia 2.15 kwa mara ya kwanza. Kwa nyumba ya dola 300,000 ni dola 6,450. Anayepokea fidia ya ulemavu, hata ya asilimia 10, hatozwi ada hiyo kabisa. Ndiyo sababu nashauri dai liende kwanza, nyumba baadaye. Baada ya kununua, Minnesota huondoa dola 150,000 katika thamani inayotozwa kodi ya nyumba kwa mwenye asilimia 70 au zaidi, na dola 300,000 kwa mwenye asilimia 100 ya kudumu. Haiji yenyewe, inaombwa kwa mthamini wa kaunti au mji.

Kazi: vituo vya CareerForce, vya jimbo vya kusaidia watu kupata kazi, vina washauri wa maveterani peke yao. Ukishapata asilimia 20, uliza pia mpango wa VA wa kurudisha watu kazini, fomu 28-1900, ambao unaweza kulipia masomo ya kazi isiyoumiza mgongo wako. Watu huukosa kwa kudhani posho ya shule ya Post-9/11 ndiyo pekee iliyopo.

Hujasema kama umeshakuwa raia. Fidia na matibabu ya VA havihitaji uraia. Lakini kama bado, aliyetumikia kwa heshima katika kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 anaweza kuomba uraia kwa misingi ya utumishi wa jeshi bila kulipa ada ya N-400, fomu ya kuomba uraia. Fanya hivyo mapema.

Uamuzi ukija "hapana", au asilimia ikiwa ndogo kuliko hali yako, una mwaka mmoja, na njia tatu. Ukiwa na ushahidi mpya, tumia 20-0995. Ukiamini waliukosea ule ule ushahidi uliokuwepo, tumia 20-0996, afisa wa ngazi ya juu aupitie. Hapo huruhusiwi kuongeza karatasi. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, ambayo huchukua muda mrefu zaidi. Soma sehemu ya barua inayoeleza sababu kabla ya kuchagua: kama wamesema hakuna uhusiano na jeshi, kurudi kwa ngazi ya juu, ambako barua mpya ya daktari haipokelewi, ni kupoteza miezi. Ukizingatia huo mwaka mmoja, tarehe yako ya mwanzo inabaki hai. Ukianza upya baada yake, unaanzia sifuri.

Na siku ukirudi kuishi Kenya, fidia inakufuata. Matibabu yanakufuata kwa sehemu: mpango wa VA wa tiba nje ya nchi hulipia magonjwa yaliyokubaliwa kuwa ya jeshi tu, na kwa kawaida wewe ndiye unayetangulia kulipa hospitali, kisha unarudishiwa. Jiandikishe kwa fomu 10-7959f-1 kabla ya kusafiri, na kila ukitibiwa omba ankara yenye jina la ugonjwa, huduma, tarehe na kiasi, pamoja na risiti ya malipo. Ankara iliyoandikwa "matibabu" na jumla ya shilingi peke yake itarudishwa. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu siku ya matibabu.